Kabla Mwale Haujagusa Ubao

Droo la kabati lililotupwa laweza kuwa na mbao bora kuliko kabati zima jipya linalosubiri mnunuzi dukani. Samani nyingi zinazouzwa mijini leo ni za MDF, yaani nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, zikabanwa kwa mashine na kuvishwa karatasi yenye picha ya mbao. Makabati ya zamani, yale yaliyotoka mikononi mwa mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, au yaliyorithiwa kutoka kwa babu, yalikuwa ya mninga, mvule, mkangazi au msaji. Bawaba ikilegea, au mguu ukioza kwa maji ya mafuriko, familia inanunua jingine na lile la zamani linaishia kwa muuza kuni. Nimewahi kuona ubao wa mninga, mpana wa kutosha kuwa sinia, ukipasuliwa kwa shoka ili uchemshie maharage. Bado inaniuma.

Mitaa michache kutoka hapo, kijana mwenye mashine ya leza ananunua MDF mpya na akriliki mpya, vyote vimetoka ng'ambo kwa meli, ili akate vibao vya majina, tuzo za shule na kadi za harusi. Mashine hizi sasa zimo kwenye vyumba vidogo vya Kariakoo na kwenye ghorofa za River Road jijini Nairobi, bega kwa bega na wachapaji na wachonga mihuri. Mihuri ndiyo iliyowalipia wengi mashine hizo. Mwenye mashine analalamika kwamba bei ya malighafi inapanda na kila jirani anatengeneza vishikio vilevile vya funguo. Mwenye kuni analalamika kwamba mninga haushiki moto upesi. Watu hawa wawili hawajakutanishwa, na kukutana kwao kungewafaa wote.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Malibu, California, tarehe 16 Mei 1960, kwa fimbo ya yakuti nyekundu. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs nchini Marekani, akaunda leza inayotumia gesi ya kabonidioksidi. Ndiyo hiyo iliyomo ndani ya mashine nyingi za madukani kwetu: bomba la kioo lenye gesi, vioo vya kuuelekeza mwale, na lenzi inayoukusanya hadi uwe nukta moja ndogo. Mwale wenyewe hauonekani kwa macho. Mbao, ngozi, kitambaa, karatasi, akriliki na kioo huunyonya na kuungua, kuyeyuka au kupata nyufa palepale ulipogusa. Chuma kitupu huurudisha. Zipo pia mashine ndogo za dayodi, zenye mwanga wa bluu, ambazo ni rahisi kwa bei na hukaa juu ya meza ya kawaida. Hizo huchoma mbao na ngozi vizuri, lakini mwanga wake hupita kwenye kioo cheupe kana kwamba hakipo, hadi ukipake rangi nyeusi kwanza. Anayetaka kuandika kwenye vijiko vya chuma anahitaji aina ya tatu, leza ya faiba, na bei yake ni ya mtu aliyekwisha kupata wateja.

Yapo mambo ya hapa kwetu ambayo kitabu cha maelekezo hakiyataji. Bomba la gesi hupozwa kwa maji. Kwenye nchi za baridi ndoo moja inatosha kutwa nzima. Dar es Salaam ya Februari, ndoo hiyo inapata joto kabla kazi haijafika nusu, nguvu ya mwale inashuka, na mkato uliokuwa safi unaanza kuacha nyuzi upande wa chini. Fundi asiye na mtambo wa kupoza maji hutumbukiza chupa zilizogandishwa barafu na kuzibadilisha. Umeme ukikatika, mashine nyingi haziwezi kukumbuka ziliishia wapi. Ukiwa unachonga MDF mpya, unatupa kipande na kuanza kingine. Ukiwa unachonga ubao wa kabati la bibi ya mteja, huna kingine, na hapo unatambua kwamba kazi ya vitu chakavu ina adabu yake.

Adabu hiyo huanzia sokoni. Asubuhi robota la mitumba linapofunguliwa, Karume pale Ilala, Gikomba au Toi jijini Nairobi, Kongowea Mombasa au Owino jijini Kampala, wanunuzi hugombea nguo nzima nzima. Anayetafuta malighafi hana haja ya kugombea. Anachotaka ni masazo: jinzi yenye goti lililochanika, mkoba wa ngozi uliokatika mkanda, koti la ngozi lenye zipu mbovu na mgongo mzima. Muuzaji mwenye huruma atakukataza. "Mwanangu, hiyo imeharibika, subiri nikutafutie nzuri." Mwambie ukweli, kwamba unataka ile iliyoharibika na utarudi wiki ijayo kwa nyingine, naye ataanza kukuwekea pembeni vitu ambavyo jana alikuwa anavifanya matambara.

Kwa mbao, pita kwa wanaobomoa nyumba, nyuma ya maduka ya samani, na kwenye minada ya vyombo vya ndani. Huko utakuta mbao za madirisha, milango isiyo na fremu, vitanda vya besera vilivyopungua fito, vibao vya chapati vilivyopinda, na mbuzi za kukunia nazi ambazo nyumba nyingi zimeziacha tangu blenda iingie jikoni. Mbuzi ya zamani ni kipande cha kazi kilichokamilika: kibao cha kukalia kilicholainishwa na miaka ya kukaliwa, miguu inayokunjwa, na chuma chenye meno mbele. Chuma kikiwa kimekwisha, kibao bado kipo, na uso wake, ulioshiba mafuta ya mikono na nazi, unafaa kwa nakshi. Usiusugue wote kwa msasa. Futa uchafu, acha ule mng'ao.

Mbao za zamani zina misumari iliyojificha. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwa uzi, ipitishe polepole juu ya ubao. Itakapovutwa, hapo pana chuma. Msumari hauui leza, ila huurudisha mwale na kuacha doa jeusi, na huvunja meno ya msumeno na kutia pengo kwenye randa kabla hata hujafika kwenye leza. Misumari ya shaba nyekundu na ya shaba njano, ambayo huonekana kwenye mbao za vyombo vya baharini na samani za kale, haivutwi na sumaku. Hiyo ni ya kutafutwa kwa macho na kidole.

Halafu kuna mbao za bure, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa kuwa kitu cha bure ndicho kinachokusanywa bila maswali. Paleti zinazobeba mizigo ya bandarini zina muhuri uliochomwa ubavuni: alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi, namba, na herufi nyingine mbili mwishoni. Alama hiyo inatokana na kanuni ya kimataifa iitwayo ISPM 15, iliyopitishwa mwaka 2002 ili wadudu wa miti wasisafiri kutoka nchi hadi nchi. Herufi HT maana yake ubao ulipashwa joto tu, na huo unafaa. Herufi MB maana yake ulifukizwa kwa methili bromidi, gesi yenye sumu. Paleti ya MB iache ilipo. Isiyo na muhuri kabisa iache pia, maana hujui ilipitia nini wala ilimwagikiwa nini.

Ubao wa nguzo ya umeme iliyoanguka, au wa nguzo ya uzio yenye rangi ya kijani iliyofifia, ni hatari kuliko hizo zote. Nguzo nyingi huwekwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki ili mchwa wasizile. Nyingine huloweshwa kwenye lami nyeusi ya kreosoti. Dawa hiyo hukaa ndani ya ubao kwa miaka mingi. Ukiuchoma ubao huo kwa leza, kwa jiko au kwa moto wa takataka, aseniki inatoka na moshi. Samani zilizopakwa rangi ya mafuta zamani nazo zina uwezekano wa kuwa na risasi kwenye rangi. Rangi hiyo haichomwi, wala haisuguliwi kwa msasa mkavu ndani ya chumba wanamocheza watoto.

Kwenye plastiki ndiko vijana wetu wanakoumia bila kujua. PVC ina klorini. Ikipata joto la leza hutoa hidrojeni kloridi, gesi ambayo ikikutana na unyevu wa pua na mapafu inageuka kuwa asidi. Asidi hiyohiyo hula reli za mashine, hupofusha lenzi na kutia kutu kila skrubu. Fundi ataona mashine inachakaa kabla ya wakati wake na kulaumu Wachina waliomuuzia, wakati kifua chake kimepitia yaleyale. PVC imo kwenye reksini ya makochi na mikoba, kwenye mabomba ya maji, kwenye vitambaa vya plastiki vya mezani, na kwenye mabango ya flexi ambayo kila baada ya uchaguzi hulundikana barabarani yakingoja mbunifu. Mabango hayo ni imara na yanashoneka vizuri kuwa mifuko. Yakateni kwa mkasi. Kwa leza, hapana.

Kipo kipimo cha kale ambacho kila duka lingeweza kukifanya. Chuna kipande cha waya wa umeme, ubaki na shaba tupu. Ushike kwa koleo, uuchome kwenye moto wa gesi hadi moto usionyeshe rangi nyingine. Ugusishe ukiwa wa moto kwenye plastiki unayoitilia shaka ili chembe ndogo ing'ang'anie, kisha uurudishe motoni. Moto ukiwa wa kijani kibichi, kuna klorini, na kipande hicho hakiingii kwenye mashine. Kifanye nje, kwenye upepo, kwa chembe ndogo tu.

Katika orodha ya PVC kuna kitu ambacho wengi hawakitarajii, nacho ni santuri. Saa za ukutani zilizokatwa kutoka kwenye santuri zimekuwa pambo la mikahawa, na mtu akikuta rundo la santuri mnadani anaona saa kumi na mbili zikimngoja. Santuri za mizunguko 33 na 45 kwa kawaida ni PVC yenyewe. Kuzikata kwa leza ni kujaza chumba gesi hiyo. Zile nzito za zamani zaidi, za mizunguko 78, ni za utomvu wa wadudu uitwao shelaki uliochanganywa na unga wa mawe, na huvunjika ukizikata. Lakini kwa santuri za kwetu hata swali la sumu si la kwanza. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na kila nakala ya enzi ile iliyosalia ni sauti ambayo haitarekodiwa tena. Ukikuta santuri mnadani, ifute vumbi, isome jina, itafutie mtu wa kuisikiliza. Kama inatakiwa saa ya ukutani, mfuniko wa pipa la mbao upo.

Ngozi nayo ina siri yake. Ngozi nyingi za viwandani hulainishwa kwa chumvi za kromiamu, na kuzichoma kunaweza kutoa kromiamu ya aina iliyo sumu. Nyingine hulainishwa kwa magome ya miti, kama miwati inayolimwa Njombe kwa kazi hiyo, na hizo ndizo rafiki wa leza: hutoa mstari wa kahawia uliokolea, ukingo safi, na harufu ya nywele zilizoungua ambayo huisha kwa siku chache. Zitofautishe kwa kukata ncha ya mkanda kwa wembe. Ndani kukiwa na rangi ya kijivu au bluu, ni ya kromiamu. Ndani kukiwa kahawia kama nje, yaelekea ni ya magome. Mikanda mipana ya wanaume na mikoba ya shule ya zamani mara nyingi huangukia upande mzuri.

Jinzi ndiyo malighafi ninayoipenda kuliko zote, na ina historia ambayo kila mshonaji anastahili kuijua. Rangi ya nili haiingii hadi kiini cha uzi wa pamba. Inakaa nje, pete tu, na ndani uzi unabaki mweupe. Ndiyo sababu jinzi hupauka magotini kwanza. Viwanda vilipotaka kuuza jinzi mpya zenye sura ya kuchakaa, viliajiri vijana wazipulizie mchanga kwa mashine ya upepo. Mchanga ule uliingia mapafuni. Nchini Uturuki vijana wengi walipata silikosisi, ugonjwa usio na tiba, wengine wakafa, na mwaka 2009 serikali ya huko ikapiga marufuku kazi hiyo. Leza ilichukua nafasi hiyo, kwa kuwa mwale dhaifu huondoa nili ya juu bila kuukata uzi. Mwaka 2018 kampuni ya Levi Strauss ilitangaza kwamba kazi ambayo mfanyakazi aliimaliza kwa suruali mbili au tatu kwa saa, leza ingeifanya kwa sekunde 90 kwa kila suruali.

Kinachowezekana Marekani kwenye suruali mpya kinawezekana Ilala kwenye suruali chakavu ya mitumba. Mguu mmoja wa jinzi uliofumuliwa na kunyooshwa kwa pasi unatosha mfuko wa bega, aproni ya mpishi au jalada la daftari, na juu yake unaweza kuchora pindo zima la kanga kwa mistari myeupe juu ya bluu. Mistari hiyo haichuji kama rangi ya kuchapwa, maana hakuna kilichoongezwa, kimeondolewa tu. Jihadhari na jinzi za kuvutika. Zina nyuzi za plastiki, na leza huziyeyusha zikaacha doa la manjano lenye ugumu. Chomoa uzi mmoja, uwashe kwa kiberiti: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, plastiki hujikunja na kuacha shanga ngumu nyeusi. Anza na nguvu ndogo kabisa ambayo mashine yako inaweza kutoa. Ukizidisha, mchoro utapendeza siku ile, kisha utatoboka kwenye ufuaji wa tatu.

Kuhusu glasi na chupa nitasema machache. Leza ya gesi haikichomi kioo. Inakitia nyufa ndogondogo juu kwa juu, na macho huziona kama weupe wa barafu. Gazeti lililoloweshwa maji na kubandikwa juu ya glasi husaidia joto lisijikusanye mahali pamoja. Mifuniko ya sufuria na vioo vya meza vilivyoimarishwa kwa joto visichongwe kabisa, vinaweza kulipuka vipande vipande.

Wapo wanaotaka kila kitu kipite kwenye mashine, na kwao natoa mfano wa Lamu. Mwaka 2018 mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walimaliza kuunda jahazi la FlipFlopi kutokana na takataka za plastiki, likavishwa malapa yaliyookotwa fukweni, yapatayo 30,000, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Jijini Nairobi, wachongaji wa Ocean Sole huyaosha malapa ya aina hiyo, huyagandisha kwa gundi na kuyachonga kwa visu hadi watoke twiga na vifaru. Hawakungoja leza. Na ni vizuri, maana lapa lililookotwa ufukweni halina karatasi ya utambulisho. Moja ni povu la EVA, jingine ni mpira, la tatu ni PVC, na bahari imeyafanya yote yafanane. Kisu hakijali tofauti hiyo. Mapafu yanajali.

Sasa tufike mezani. Mtu aliyezoea akriliki mpya hushangaa jinsi kitu chakavu kinavyokataa vipimo. Ubao wa zamani umepinda, kwa hiyo upande mmoja uko karibu na lenzi na mwingine mbali, na mchoro unakolea huku na kufifia kule. Uinulie upande wa chini kwa vipande vya kadi hadi uso uwe sawa, au punguza eneo la mchoro libaki pale palipo tambarare. Nguvu na kasi huwezi kuzikariri, maana mvule wa miaka arobaini ni mkavu kuliko mvule wa jana na huungua upesi. Fanya jaribio nyuma ya ubao au ndani ya droo: miraba midogo, kila mmoja na kasi yake na nguvu yake, kisha uchague kwa jicho, mchana, karibu na dirisha.

Kuweka kitu mahali pake ni sehemu inayotenganisha fundi na mwenye mashine. Njia nzuri hutumia kadibodi ya boksi la televisheni. Kiweke kitu chako kwenye karatasi, chora mzingo wake kwa penseli, piga picha au skani, ifuatishe kwenye programu kama Inkscape ambayo ni ya bure, kisha amuru mashine ikate mzingo huo kwenye kadibodi iliyobanwa mezani. Toa kipande cha katikati. Shimo linalobaki ndilo kitanda cha kitu chako. Mbuzi, kibao, mkanda, chochote kitalala humo bila kusogea, na mchoro uliouweka ndani ya mzingo kwenye kompyuta utaangukia hapohapo kwenye kitu halisi. Kabla ya kuwasha mwale wenyewe, funika uso wa ubao kwa maskingi tepu, choma mchoro kwa nguvu ndogo kwenye tepu tu, uangalie. Ukiwa umekaa upande, bandua tepu na urudie. Ubao hautajua.

Nini kichorwe? Hapa nina msimamo, na wapo mafundi watakaonikatalia. Naona michoro mingi ni mikubwa mno. Mashine inaweza kujaza kila inchi, basi inajaza: simba, ramani ya Afrika, maneno ya Kiingereza kuhusu kahawa. Ubao wa mkangazi una mistari yake, uliota nayo kwa miongo, na mchoro unaoifunika ungeweza kuchorwa kwenye MDF bila hasara. Weka mchoro pembeni. Fuata ukingo kama pindo la kanga linavyofuata kitambaa na kuuacha mji wa katikati upumue. Tumia nakshi za milango ya Mji Mkongwe kwa kuzisoma na kuchora upya, lakini usithubutu kupeleka mlango halisi wa kale chini ya leza, wala kasha la kweli lenye umri wake. Kazi ya mkono wa fundi wa karne iliyopita haihitaji kuongezewa. Picha ya msanii aliye hai ni mali yake, mwombe.

Ombi linalonigusa zaidi ni la mwandiko. Mtu analeta barua ya mama yake, labda mistari miwili ya kumkumbusha kiasi cha unga na iliki kwenye maandazi, na kibao cha chapati alichokitumia mama huyohuyo. Mwandiko ule hupigwa picha, husafishwa kivuli, hugeuzwa mistari, na leza huuandika kwa dakika chache, pamoja na pale kalamu ilipokwama na herufi iliyokatwa. Uandike upande wa nyuma. Upande wa mbele wa kibao unasukumiwa unga, na mifereji ya mchoro ingehifadhi unga mbichi na wadudu. Ukimaliza, toa masizi kwa kitambaa chenye maji kidogo, acha kikauke kivulini, kisha paka mafuta yanayofaa kwa vyombo vya chakula. Vanishi ya milango haifai kugusana na unga.

Bei ya kazi kama hiyo isihesabiwe kwa dakika za mashine. Dakika hizo ni chache. Hesabu asubuhi ya sokoni, kung'oa misumari, kukausha, kupiga randa, jaribio nyuma ya droo, kadibodi na tepu. Vijana wengi huuza kibao cha mninga kwa bei ya kishikio cha funguo kwa sababu ubao waliupata bure, na mwezi ukiisha hawana kodi ya chumba.

Na chumba chenyewe nataka kizungumzwe. Leza nyingi ndogo zinafanya kazi kwenye vyumba visivyo na dirisha la pili, bomba la moshi likiwa limetolewa hadi kwenye korido ambamo majirani wanashona nguo. Moshi wa mbao safi nao si salama kuuvuta kutwa. Bomba lipande hadi juu ya paa, na feni ikae mwisho wa nje ili ivute badala ya kusukuma, maana inayosukuma hupenyeza moshi kila kiungo kilicholegea. Miwani ya kulinda macho ilingane na aina ya mwale. Inayofaa kwa dayodi ya bluu haina uhakika wowote kwa faiba. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mlango, na mtu asitoke kununua chai mashine ikiwa inakata, kwani ubao mkavu wa miaka arobaini ukishika moto haungoji.

Haya yote yangeweza kufundishwa kwa wiki moja. Hapa Tanzania, SIDO ipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina karakana za useremala nchini kote, na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, ina wajibu wa kuangalia hewa ya mahali pa kazi. Seremala mzee wa Keko anaweza kumwambia kijana wa Kariakoo, kwa kunusa tu vumbi la randa, kama ubao ni mvule au mkangazi, na kijana anaweza kumwonyesha mzee jinsi nakshi aliyoichora kwa penseli inavyoingia kwenye ubao bila patasi kuteleza. Waitwe kwenye karakana moja. Wakati hilo linangojewa, mteja anayeagiza zawadi ya harusi au tuzo ya shule ana maswali mawili ya kuuliza kabla ya kulipa: ubao huu ulikuwa nini, na moshi wa chumba hiki unaelekea wapi.